Glukosi Niliyomkorogea Mama Yako

Zaina, mjukuu wangu, mke mwenzangu, mwanangu niliyekulea kwa mikono hii,

Salamu sina. Nikusalimie nini na wewe uko hapo uani, nakusikia unagombana na pasi ya mkaa? Nimejifungia chumbani na daftari lako la zamani lililobaki kurasa, nimemwambia Bi Chausiku wa chumba cha pili kichwa kinaniuma asije akanigongea, na kichwa hakiniumi. Shule mimi sikusoma hata siku moja, unajua. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye ngumbaru, mama yako nimembeba mgongoni, na mwalimu alikuwa akiniambia mkono wangu unaandika kama unapalilia. Basi nivumilie.

Habari za begi kulifunga kamba, na nani wa kumwamini kwenye behewa, na huko Mwanza kiwanda cha samaki kina baridi uvae sweta, sitaziandika. Tumeshazisema mpaka umezichoka. Nina neno moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na mbili, na kama usingepanda treni kesho ningeendelea kukaa nalo mpaka wanizike.

Mama yako hakufa kwa ugonjwa ule. Alikufa kwa sukari. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikakuacha ukue ukiamini wanavyosema watu.

Vuta pumzi. Halafu endelea kusoma, maana hilo ndilo jepesi.

Unanijua mimi ni mtu wa mboga. Kabla hujazaliwa, enzi za foleni, sukari ilikuwa kwa kadi na mchele ulikuwa hadithi. Tulikuwa tunakula kilichopo: unga wa njano, kunde, mihogo, mlenda, na mchunga. Mchunga nilikuwa naufuata Buguruni alfajiri, unakuja kwa magunia kutoka Pugu, nauleta hapa Kariakoo nauza mafungu. Uliobaki tunakula wenyewe. Mama yako Salma alilelewa na mchunga. Alikuwa akinywa mchuzi wake vilevile na uchungu wake, anakunja uso, anacheka, anataka mwingine. Hakuwa mnene, hakuwa mwembamba. Alikuwa mtoto wa mbio tu.

Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Ghafla kila kitu kipo. Sukari unabeba unavyotaka, mafuta ya kupikia ya kila rangi, sembe nyeupe kama chokaa, mkate mweupe, soda kreti kwa kreti nje ya duka la Mangi pale kona. Mimi nikasimama katikati ya uani, wapangaji wote wananisikia, nikasema: "Kuanzia leo nyumba hii hakuna mtu atakula kitu kichungu. Uchungu tumeshakula wa kutosha." Wakacheka, wakapiga makofi. Nilijiona mtu.

Na sokoni vilevile. Wateja walikuwa wameanza kuuonea aibu mchunga, wanasema ni mboga ya shida. Nikapata akili. Nikawa nauchemsha nyumbani kwa magadi, namwaga maji kwenye mtaro, nauchemsha tena, namwaga, mara ya tatu namwaga, halafu naukamua kwa nguvu zangu zote nafinyanga matonge. Laini, kijani, hauna ladha ya kitu chochote. Nikawa mashuhuri. "Nenda kwa Mama Salma, mchunga wake haukunji uso." Miaka mingapi nimemwaga yale maji. Wenzangu wakaniiga.

Salma akaolewa na baba yako, Athumani, dereva wa lori. Ukazaliwa wewe. Na mama yako akanawiri, Zaina, akanawiri hasa. Chai vijiko vitano, chapati asubuhi, soda mchana, wali jioni. Nikipita naye Mtaa wa Kongo watu wanageuka. "Mama Salma, mwanao kanona!" Nilikuwa nasikia raha mwilini mwangu kama nimesifiwa mimi. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya sukari na mtoto mgongoni, akimwona mtoto huyo ana mikunjo ya shingo, anajua Mungu yupo. Ndivyo nilivyokuwa nadhani.

Halafu akaanza kukonda.

Wewe ulikuwa na miaka saba, unakumbuka kidogo. Miaka ile mtu akikonda mjini hapa, watu walikuwa hawaulizi anaumwa nini. Walikuwa wanauliza ameupata kwa nani. Na mume dereva wa njia ya Tunduma! Hawakuhitaji hata kuuliza. Siku moja nafunga meza yangu, Bi Chausiku akanisogelea, akashusha sauti kama anayeninong'oneza habari ya msiba.

"Shoga, usijitie huoni."

"Nisione nini?"

"Mwanao. Magauni yanamvuka. Huyo dereva kakanyaga waya huko, kamletea mwenzie umeme nyumbani."

"Funga mdomo wako, Chausiku."

"Nifunge mara ngapi? Soko zima limeshafungua."

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Lakini nilirudi nyumbani nimeshamwamini.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka kukimbia na nimejifungia mlango. Sikumpeleka hospitali. Niliona wakimpima watasema, na wakisema itakuwa kweli. Nikaamua nitamnenepesha. Akinenepa, midomo itafunga. Nikaenda kwa Mangi nikanunua glukosi ya kopo, ile nyeupe tunayopelekeana wagonjwa, nikawa namkorogea asubuhi, mchana, jioni. Nikamwekea soda ya chungwa kitandani. Uji wa sembe na maziwa mazito ya kopo. Yeye anasema, "Mama, nina kiu," nami namshukuru Mungu mgonjwa ana hamu ya kunywa, namkorogea nyingine. Anakunywa, anaenda chooni, anarudi, anakunywa. Na kila wiki mifupa inazidi kutoka. Na mimi naongeza kijiko.

Mboga za majani nilimnyima kabisa. Nilisema zinakondesha.

Na nikamtengea kikombe. Kile cha bati cha bluu, na sahani yake, na kijiko chake. Nikakutoa kitandani kwake nikakulaza kwangu. Uliniuliza kwa nini mama ana kikombe chake peke yake, nikakwambia, "Kina dawa." Mama yako alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Alinisikia, Zaina. Akanyoosha mkono akakichukua, akakipindua juu ya mkeka kuonyesha hakina kitu, akakirudisha. Mpaka leo sijui alikuwa ananitania au alikuwa ananiaga.

Na hata angekuwa na ugonjwa ule, kikombe kile kingekuwa dhambi ileile. Nimekuja kulijua hilo nimechelewa. Mtoto wangu wa tumboni, nikamwogopa kinywa.

Baba yako aliporudi safari nilimsubiri barazani. Alikuwa amebeba vitunguu vya Makambako gunia zima. Nikamwambia mbele ya nyumba nzima, "Umemuua mwanangu kwa umalaya wako, toka." Akasema, "Mama, mimi sijui unachosema." Nikamtupia nguo zake mtaani. Akasimama pale muda mrefu, anaokota shati moja moja, anakung'uta vumbi. Hukuwepo, nilikuwa nimekutuma kwa Mangi makusudi. Nilikwambia baba yako amewakimbia.

Hakuwakimbia. Alikuja mara mbili baadaye. Mara ya kwanza nilimwambia umelala. Ya pili nilimwambia hutaki kumwona.

Aliyenifumbua macho ni Mama Hansa. Yule mama wa Kihindu, mumewe alikuwa na duka la vitambaa, alikuwa mteja wangu wa miaka. Yeye peke yake alikuwa hanunui matonge yangu. Anataka mchunga mbichi na karela, lile tango lao chungu lenye magamba, ukimuuliza anasema mkwe wake ana sukari, wanampikia vitu vichungu na dengu, na sindano anachoma. Siku hiyo akaniuliza kwa nini uso wangu umeanguka. Nikamwambia mwanangu anaumwa. Akaniuliza anaumwaje. Nikamwambia anakonda, anakunywa maji kama ng'ombe.

Akaweka kikapu chini. "Anaenda chooni sana?"

"Sana."

"Mama Salma, hiyo sukari."

Nikacheka, Zaina. Nilicheka kwa dharau. "Sukari ni ugonjwa wenu nyie wenye maduka. Sisi wala mihogo tutaipatia wapi?"

Hakukasirika. Akanishika mkono, akasema, "Angalia pale anapokojoa. Kama sisimizi wanakuja, mpeleke hospitali leo leo."

Jioni nikaangalia. Kwenye bafu la uani, pembeni mwa mtaro, walikuwepo. Mstari mrefu, mweusi, wanakwenda na kurudi kama watu wa foleni.

Niliwaona. Nataka uelewe hivyo, usije ukajiambia bibi yangu hakujua. Niliwaona, nikachota maji ndoo nzima nikawamwagia. Nikajiambia ni soda imemwagika. Kwa sababu kama ni sukari, basi Athumani nimemfukuza bure. Kama ni sukari, basi soko limemsema mwanangu bure nami nimewasaidia kwa kikombe. Na kama ni sukari, basi aliyekuwa anamlisha ni nani? Nikaona heri iwe ule. Ule ulikuwa na mkosaji mwingine.

Niliwamwagia maji siku tisa.

Siku ya kumi hakuamka. Anavuta pumzi ndefu ndefu, kinywa kinanuka kama matunda yaliyooza. Tukambeba kwa teksi. Daktari alikuwa kijana, akampima, akatuuliza, "Mlikuwa mnampa nini?" Nikasema kwa sauti ndogo, "Glukosi." Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aliinamisha tu kichwa akaandika. Salma alikaa siku mbili na dripu mkononi. Alifumbua macho mara moja, akaniambia, "Mama, Zaina amekula?" Nikasema amekula. Basi.

Wodini kulikuwa na nesi mmoja mnene, mtu wa makamo, alinikuta nimekaa kwenye ngazi baada ya yote kwisha. Akakaa pembeni yangu. Nikamwambia kila kitu, mpaka sisimizi. Nikamwambia na habari ya mchunga na magadi. Yeye ndiye aliyenieleza kwa maneno ninayoyaweza. Alisema, "Mama, mmea hauna miguu ya kukimbilia wala mikono ya kupigania. Kwa hiyo unajitengenezea vitu ndani yake, uchungu, ukakasi, ukali, hata zile rangi, ili mdudu akiuma ateme. Vitu hivyohivyo, na zile nyuzinyuzi zake, vikiingia tumboni mwetu pamoja na chakula, sukari haiingii kwenye damu kwa fujo. Inaenda taratibu."

Nikamshika gauni. "Basi ningempa mchunga angepona?"

"Hapana," akasema, na sauti yake ikawa kali. "Na usije ukamwambia mtu hivyo. Mwanao alihitaji sindano, na alizihitaji mapema. Majani ni chakula, mama, si sindano. Lakini chakula mlichokuwa mnakimwaga mtaroni kilikuwa kinawalinda, nyie hamjui."

Maneno haya nimeyabeba kama yalivyo, sijapunguza wala kuongeza. Ndiyo maana, kama unakumbuka, mwaka ule mboga za bibi zikawa chungu ghafla ukasusa kula, ukanirushia kijiko. Niliacha magadi. Nikaacha kumwaga maji. Wateja wakanikimbia nusu. "Mama Salma siku hizi unatulisha dawa?" Sikuwajibu kwa nini. Na wale wanaozungusha chupa za maji machungu sokoni wakisema yanaponya sukari, walinifuata niwauzie majani kwa magunia. Niliwafukuza kwa ufagio, ukaniona mimi mchawi wa biashara za watu. Sasa unajua.

Lakini matangani nilinyamaza. Walikuwa wanakula pilau wananong'ona ule, ule. Cheti cha hospitali nimekikunja kwenye upindo wa kanga. Ningesimama tu, neno moja. Sikusimama. Mwaka wa kwanza nikasema nitasema, wa pili, wa tatu, halafu ukawa mkubwa na uongo ukawa mkubwa pamoja na wewe.

Na mwezi uliopita wakaja watu wa Buguruni kukuposa. Nilikuwa nimeshika birika. Shangazi wa kijana akauliza, vizuri tu, kwa adabu, "Na marehemu mama yake aliumwa nini?" Nilikuona ukiinamisha macho ukaanza kuchezea upindo wa mkeka. Ulikuwa unasubiri niseme chochote. Nikasema, "Aliumwa tu. Kazi ya Mungu." Nikaendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Wakaacha vikombe nusu. Wiki ya pili mshenga akaleta jibu kwamba kijana bado anajipanga. Wewe hukulia. Ulisema tu, "Bibi, natafuta kazi mbali." Nikajua mbali ni mbali na nini.

Jana nilikwambia naenda mtaa wa Gerezani kumtazama mgonjwa. Nilienda Buguruni. Nilikaa mbele ya yule mama wa kijana na shangazi yake nikawaambia yote haya, na cheti nikawafungulia. Shangazi akaniuliza, "Mbona hukusema siku ile, bibi?" Nikamwambia niliona aibu. Akasema, "Aibu ya nani?" Nikakikunja cheti. Wameshaposa kwingine, Zaina. Sikuwaomba warudi. Nilitaka tu watu wawili duniani wajue Salma alikufa kwa nini kabla sijaanza kukwambia wewe, nijaribu mdomo kama unaweza.

Baba yako yuko Makambako, ana duka la spea, hajambo. Madereva wa Gerezani wanaompelekea mzigo ndio wanaoniambia, nimekuwa nikiwauliza kila mwaka kwa siri kama mwizi. Ana watoto wengine wawili. Ukitaka kumwandikia, mwandikie. Usimwambie bibi anakusalimia, sina haki hiyo. Mwambie tu Salma alikuwa na sukari. Anastahili kujua hakumletea mkewe kitu.

Na wewe, ukifika huko, nenda ukapime. Damu, na sukari, yote, usichague. Nesi alisema sukari hupita kwenye ukoo, na mimi mwenyewe nilipimwa nikakutwa nayo, zile tembe unazoniona nameza nikikwambia za mgongo ni za sukari. Hata hilo nilikuficha, unaona nilivyokuwa mzoefu. Kula unachotaka, sitakuchungulia sahani. Ila mtu akikwambia umekonda, usikimbilie kikombe cha kitu kitamu ili asione. Na ukimwona mwenzako kiwandani anakonda, usimsemee moyoni ugonjwa. Muulize ana kiu.

Nimekupenda vibaya, mwanangu, nilivyompenda na yeye. Nilitaka mnenepe muonekane. Sikutaka mtu aone tulikotoka.

Barua hii sitaificha begini ukaisomee Tabora, ukalie na wasiokujua. Nitakupa mkononi kesho asubuhi, ukishakunywa chai, nami nitakaa hapohapo kwenye kigoda mpaka uimalize. Nikianza kukuambia nikapike, usiniruhusu. Treni inaondoka jioni. Nimetaka uwe na kutwa nzima ya kunikasirikia, na mimi nipo.